Tini Kwenye Kidonda cha Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na heri niseme mapema usije ukadhani huko mbele kwamba nilikuwa mpole. Kazini wananijua. Nikikuta chupa haikuoshwa vizuri nagomba, na nikishagomba hainitoki mpaka jioni. Maabara yetu iko Changamwe, nyuma ya maghala, na kazi yetu ni kupima vyakula vinavyoshuka bandarini kabla havijafika madukani: mchele, maziwa ya unga, tende, zabibu, tini kavu. Tunatafuta kuvu, tunatafuta bakteria, tunaandika majibu, tunatia sahihi. Si kazi ya kumpa mtu sifa. Nimezeeka nikinusa vilivyooza ili wengine wasivile.

Sifa alinipa mama. Mama alilelewa huko Kaloleni, shule aliishia darasa la tatu, na kwake yeye mwana anayevaa koti jeupe ni daktari, umwambie usimwambie. Nilimfafanulia mara ngapi! "Mama, mimi napima chakula, sipimi watu." Ananijibu, "Na hicho chakula chaliwa na nani? Si watu?" Basi namwacha. Kanisani kwetu Mikindani akawa ananitambulisha kama "mwanangu wa maabara", na akina mama wenzake wa ushirika wakawa wananiletea karatasi zao za hospitali niwasomee. Nilikuwa nalalamika, lakini nasoma. Nisiseme uongo, ilinipendeza.

Mama ana sukari, huu mwaka wa tisa. Mwaka jana, siku moja akifagia uani, alikanyaga kipande cha kifuu asihisi. Ndivyo sukari ilivyo, hukuibia hata maumivu. Mimi ndiye niliyeona damu sakafuni, nikaifuata alama kwa alama mpaka jikoni, nikamkuta ameketi kwenye kibago achambua mchicha, hana habari. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, kidogo tu, ukubwa wa punje ya hindi. Zahanati wakamwambia awe anakwenda kila baada ya siku moja kusafishwa na kufungwa upya. Akawa aenda, shingo upande. Alichukia foleni, alichukia kukwanguliwa, na zaidi ya yote alichukia kuambiwa "bado" kila alipouliza kama kimepona.

Wakati huo huo kazini tulikuwa tumejaa tini. Ramadhani ikikaribia, tende na tini haziishi kuletwa, na sampuli ikishapimwa, ile inayobaki pakitini haina wa kuidai. Nilikuwa nimesoma kwamba tini kavu, hasa zile za ganda jeusi, zina antioksidanti tele, yaani vile vitu vinavyosaidia mwili usichakae upesi, na kwamba utomvu wake ukikolezwa hupigana na bakteria. Kusoma ni jambo moja. Mimi nikataka kuona. Mkuu wetu alikuwa safarini, kazi imepungua, nikajifanya mtafiti.

Nikazisaga tini, nikaziloweka kwenye spiriti siku mbili, nikachuja, nikaukausha ule mchujo polepole mpaka kikabaki kitu cheusi kizito kama asali iliyoungua. Nikachukua sahani ya maabara yenye jeli, nikapaka juu yake bakteria wa aina moja, wale wanaopenda kukaa kwenye vidonda na majipu. Juu yao nikaweka vikaratasi viwili vya duara, kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati. Kimoja nilikuwa nimekichovya kwenye tini. Cha pili kilikuwa na antibayotiki, kwa ajili ya kulinganisha. Nikaifungia sahani kwenye kabati la joto. Kesho yake jeli yote ilikuwa imefunikwa na utando wa bakteria, isipokuwa kuzunguka vile vikaratasi. Kuzunguka tini palikuwa safi, bakteria hawakuthubutu kusogea. Nilipiga kigelegele peke yangu, mtu mzima mimi.

Lakini uwazi wa antibayotiki ulikuwa mpana kama mdomo wa chupa ya soda. Ule wa tini ulikuwa mwembamba, upana wa ukucha uliokatwa. Nikapiga picha, nikaitazama. Tini yangu ilionekana maskini mbele ya mwenziwe. Basi nikaikata picha hapo hapo kwenye simu, nikabakisha upande wangu, huo mwingine nikautupa. Ukiitazama usingejua kulikuwa na upande wa pili. Hilo ndilo kosa langu, nami nililifanya kwa kidole kimoja, nimesimama, nacheka.

Jumamosi mchana nilimwonyesha mama. Alivaa miwani, akaisogeza simu, akairudisha nyuma.

"Hapa peupe ndipo palipo na tini?"

"Hapo hapo."

"Na hivi vingine ni vijidudu?"

"Vijidudu vitupu, mama. Vimeikimbia tini."

Akaisogeza simu tena karibu na macho. Kisha akauliza, "Ni vijidudu gani? Vya kidonda vyaweza kuwamo?"

"Hivyo hasa ndivyo nilivyovitumia," nikasema, na nikasema kwa majivuno.

Sentensi moja ingetosha hapo. Ningemwambia kwamba kwenye sahani hakuna nyama, hakuna damu, hakuna sukari ya mtu. Kwamba nilisaga tini tele nikapata kijiko kimoja tu cha utomvu. Kwamba tunda lenyewe ukilibandika kwenye kidonda unawapikia bakteria karamu. Yote hayo nayajua, ndiyo kazi yangu. Sikuyasema kwa sababu mama alikuwa ananitazama vile anavyonitazama, nami nilitaka aendelee kidogo. Halafu akaanza kuhadithia jinsi mchungaji alivyowahi kuhubiri juu ya mfalme mgonjwa wa zamani aliyebandikwa tini juu ya jipu akapona. "Kumbe ni kweli," akasema. "Mungu alisema, na mwanangu ameona kwa macho yake." Nikacheka, nikaenda kuanika nguo.

Aliniomba pakiti moja nikamletea. Nikamwonya asile zaidi ya moja kwa siku, maana tunda likikaushwa maji hutoka, sukari yote hubaki. Akasema haya. Nilijiona binti mwangalifu.

Baada ya wiki mbili akaniambia kidonda kimefunga, zahanati wamemwambia asirudi tena. Nilifurahi mno, nikamnunulia soksi za pamba ili mguu usiingie vumbi. Akawa hazivui. Chumbani kwake kukawa na harufu tamu nzito, nami nikadhani ni ile pakiti ya tini iko chini ya mto. Nitakusimulia jambo lililonisumbua zaidi ya mengine: mimi, ninayelipwa kunusa, niliipita harufu hiyo kila asubuhi nikienda kumwamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Nafunga mlango, naenda Changamwe kunusa zabibu za watu.

Jumapili moja akasema hatakwenda kanisani, amechoka. Mama kukosa kanisa si jambo dogo, nikaingia chumbani kumtazama. La kwanza nililoliona ni sisimizi. Walikuwa wametoka dirishani, wamekata sakafu mstari mmoja, wamepanda mguu wa kitanda. Nikapandwa na hasira zangu.

"Mama! Umekula nini kitandani? Nani atafukuza wadudu hawa?"

Akauvuta mguu chini ya leso. Sisimizi wakaufuata.

Nikaifunua leso, nikavua soksi. Ndani kulikuwa na mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kitambaa, ndani ya kitambaa tini zilizopondwa, zimegandamana, zinatembea kwa sisimizi. Nilipozibandua, kidole gumba kilikuwa na rangi ya zile tini zenyewe. Nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama hakuogopa. Alikuwa kama mtu aliyeharibiwa zawadi kabla ya siku yake. "Nilitaka kipone kabisa ndipo nikuonyeshe," akasema. "Uone dawa yako ilivyofanya kazi."

Zahanati hakuwa amekwenda kwa mwezi mzima. Kila asubuhi nikishatoka, alikaa kitandani akaponda tini nne kwa mchi, zangu zilipokwisha akanunua nyingine, akabandika, na mbili tatu zilizobaki akala, kwa sababu aliona ni dhambi kuzitupa.

Hospitalini daktari alikuwa kijana mtaratibu, hakupandisha sauti. Alisafisha ule mguu muda mrefu, akaita mwenzake, wakanong'ona. Wakapima sukari, ilikuwa imepanda kupita kiasi. Akatueleza kwamba kidole hakiwezi kuokolewa, na kwamba kikicheleweshwa kitauchukua mguu. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kujaza fomu yake, "Nani aliwaambia mbandike matunda?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Nilisikia redioni," akasema.

"Redio gani, bibi?"

"Aa, hizi redio, baba. Zasema mengi."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Mimi ninayegomba kutwa kwa ajili ya chupa chafu, nilisimama pale nimeshika mkoba wa mama, nikanyamaza.

Walipotuacha ukumbini kusubiri, nikamwinamia. "Mama, mbona umesema uongo?"

"Nisemeje?"

"Useme ni mimi."

Akanitazama kwa ukali, ule ukali ninaoujua kwa sababu nimeurithi. "Kidole kikishakatwa kimekatwa. Wewe kesho wataka kwenda kazini. Nani atakubali umpimie chakula chake, akijua mamako mwenyewe ulimpima hivi?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na chini ya ile haya, Mungu anisamehe, niliona nafuu. Alikuwa amenifunika, nami nikafunikika.

Walikikata kidole siku ya pili. Mama hakulia. Alipoamka aliomba chai, akauliza kama nguo zimeanuliwa. Wiki nzima aliyolala pale hakulia hata mara moja, akawa yeye ndiye anayewatania wagonjwa wenzake, anawaambia yeye sasa viatu atavinunua kwa bei ya chini maana mguu mmoja haujai. Wote wakacheka. Mimi nilikwenda uani, nikalilia huko kwa ajili yetu sote wawili.

Tuliporudi Mikindani, akina mama wa ushirika wakaja kumjulia hali. Sisi kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Mtu huja na sukari, na mkate, na nazi mbili, na kwa mgonjwa wa aina ya mama huja na unga wa wimbi au mayai. Walikuja kumi na mmoja, wamefunga leso za sare, wakaimba mlangoni, wakaomba, wakaketi kwenye mkeka na kwenye viti tulivyoazima. Kisha wakaanza kuweka walivyoleta juu ya meza.

Wa kwanza akaweka pakiti ya tini kavu.

Wa pili akaweka mayai, na pakiti ya tini.

Nilidhani ni sadfa. Zilipofika pakiti saba, nikasimama. "Nani kawaambia mlete tini?" Nilisema kwa sauti ya chupa chafu. Kina mama wa watu wakatazamana, kisha wote wakamtazama mama yangu.

Mmoja wao akanieleza, ndipo nikaelewa. Mama alikuwa ametoa ushuhuda. Wiki ile ile niliyomwonyesha picha, alisimama kwenye mkutano wa ushirika, ambako mimi siendi, akasema mwanawe wa maabara ameona kwa macho yake tini ikiua vijidudu vya vidonda, na sasa wenye vidonda wasikate tamaa. Wakamwitikia amina. Na alipolazwa, hakuna aliyejua ni kwa nini. Waliambiwa ni sukari tu imempandia. Uongo wa redio aliowaambia madaktari haukuwahi kufika Mikindani. Ushuhuda ulikuwa bado uko pale pale, nao waliuamini kwa sababu ulikuwa na jina langu.

Mama alikuwa amelala kwenye kochi, mguu juu ya mto. Alinikonyeza. Alikuwa ananiambia niketi, yapite. Mfadhili wangu huyo, angenifunika mpaka kaburini.

Sikuketi. Nikashika mgongo wa kiti. Nikawaambia hivi: kwamba mguu wa mama ulioza chini ya tini, na tini zile nilizileta mimi. Kwamba kile nilichokiona kilikuwa ndani ya sahani, si ndani ya mtu. Kwamba kulikuwa na dawa ya hospitali kwenye sahani ile ile iliyofanya kazi mara nyingi kuliko tini, nami niliiondoa kwenye picha kwa sababu nilitaka changu kionekane kikubwa. Picha nzima sikuwa nayo tena, ikabidi niwachoree hewani kwa vidole, wa tini hivi, wa dawa hivi. Nikasema tini ni tunda zuri, mtu mzima mwenye afya ale ashukuru, lakini mwenye sukari aulize kwanza, na kidonda kiende zahanati. "Mama hakukosea," nikasema. "Aliniamini mimi. Aliyekosea ni mimi."

Hakuna aliyesema amina. Mmoja aliinuka akachukua pakiti yake mezani, polepole, akaitia mkobani, na sikumlaumu. Mwingine akaniambia bila kunitazama, "Na sisi tuliokuwa twakuletea karatasi zetu?" Nikamwambia, "Zile nilizisoma sawa. Lakini mkitaka kuzipeleka kwingine zikasomwe upya, pelekeni." Iliniuma kulisema.

Karibu na mlango aliketi mama mmoja anayekaanga mahamri pale kwenye njia ya shule, mwembamba, msemaji sana siku zote. Siku hiyo hakuwa amesema kitu. Yeye pia ana sukari. Nikamwona anashusha macho, kisha anaikunja leso yake taratibu kutoka chini, mpaka chini ya goti, mbele ya watu wote. Ugoko wake ulikuwa umefungwa kitambaa cha khanga. Pembeni ya kitambaa kulikuwa kumetoka ule weusi unaonata.

"Mafuta yaliniruka," akasema. "Siku ya kumi na mbili leo."

Niliukimbilia mguu ule kama ni wa mamangu. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikafungua. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa maji, kingo zimevimba, lakini nyama ya kando ilikuwa bado nyekundu, na nilipoigusa alisema "Ai!" Sijawahi kufurahia maumivu ya mtu kama nilivyofurahi pale. Nikamgeukia mama kumuuliza kama naweza kumwacha.

"Nenda," akasema. "Mimi nitakwenda wapi?"

Tukaita tuktuk. Zahanati nilimwambia muuguzi kila kitu kabla hajauliza, nani alisema, nani alibandika, siku ngapi. Alinisikiliza, akanipa glavu nimshikie taa. Alisafisha, akafunga, akampa antibayotiki na tarehe ya kurudi. Akatuambia tungengoja wiki moja zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Yule mama wa mahamri alinishika mkono njia nzima ya kurudi, na hakunisamehe kwa maneno wala sikumwomba.

Niliporudi nyumbani wageni walikuwa wameondoka, wameosha na vikombe. Zile pakiti zilizobaki mezani walikuwa wamezifunika kwa kawa. Mama alikuwa macho, amegeukia mlango.

"Mguu wake?" akauliza.

"Utapona. Wamesema tumewahi."

"Hawakati kitu?"

"Hawakati kitu, mama."

Akautazama mguu wake mwenyewe juu ya mto, ule wenye bandeji, mahali palipokuwa na kidole. Akautazama muda mrefu. Kisha akajifunika leso usoni akalia, kilio cha sauti, mara ya kwanza tangu wamkate, nami nikaketi sakafuni kando ya kochi, nikamwacha alie.